Sura ya 6: Nani Amelipia Kiti cha Mwandishi?

Robo pointi. Hiyo ndiyo iliyowatenganisha Joe Bugner na Henry Cooper usiku wa Machi 16, 1971, ukumbini Wembley, baada ya raundi 15. Siku hizo nchini Uingereza pambano kama lile halikuwa na majaji watatu kando ya ulingo. Refa aliyekuwa katikati ya mabondia ndiye aliyeandika pointi, peke yake. Harry Gibbs aliandika 73¾ kwa 73½, akaenda moja kwa moja kuinua mkono wa Bugner, kijana wa miaka 21 aliyezaliwa Hungaria na kuletwa Uingereza akiwa mtoto. Cooper, mwenye miaka 36, kipenzi cha Waingereza tangu alipomwangusha chini Muhammad Ali mwaka 1963, alipoteza kwa mkupuo ubingwa wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola na wa Ulaya. Hakupanda tena ulingoni kupigana.

Mtangazaji wa BBC alikuwa Harry Carpenter, na sauti yake haikuficha kitu. Aliuliza palepale, hewani, inawezekanaje mtu avuliwe mataji yake namna ile. Tangu siku hiyo Bugner alitembea na jina la mtu aliyechukua kisicho chake. Alizomewa na watu wa nchi aliyokuwa bingwa wake, na Cooper alikaa miaka mingi bila kusemezana na Gibbs. Waliorudi kuitazama filamu ya pambano lile kwa utulivu hawajakubaliana hadi leo: wapo wanaompa Cooper, wapo wanaompa Bugner, na wengi wanakiri kwamba lilikuwa pambano la karibu mno. Lakini hukumu ya umma haikutokana na filamu. Ilitokana na sauti ya mtu mmoja mwenye maikrofoni, aliyempenda mzee aliyekuwa akiondoka.

Carpenter alikuwa mwandishi na mtangazaji hodari, mtu aliyeujua mchezo huu kuliko wengi waliomfuata, na ndiyo maana mfano wake una uzito. Miaka 18 baadaye, Februari 25, 1989, alikuwa Las Vegas wakati Frank Bruno, mtoto wa London ambaye mahojiano yake na Carpenter yalikuwa yameshawafanya wawili hao waonekane kama ndugu, alipompata Mike Tyson kwa konde la kushoto katika raundi ya kwanza. Tyson akayumba. Carpenter akasahau kazi iliyompeleka pale, akawa shabiki kama mashabiki wengine, akimhimiza Bruno aingie amalize. Bruno hakumaliza. Raundi ya 5 refa alilisimamisha pambano huku Bruno akiwa hoi kwenye kamba. Waingereza wengi wanaikumbuka sauti ile kwa mapenzi, na sioni sababu ya kuwanyima raha hiyo.

Mtangazaji anayependa waziwazi ana kasoro, lakini amemtendea msikilizaji haki moja kubwa: msikilizaji anajua apunguze kiasi gani. Anayesema "bondia wetu" amekwisha kukupa kipimo cha kumpimia. Ukisikia konde la Bruno likisifiwa kupita kiasi, unajua kwa nini linasifiwa, na macho yako yanakuwa huru kukataa. Kwa hiyo wanaposema kwamba tatizo la uandishi wa ndondi Uingereza ni bendera, nasema bendera ni tatizo dogo. Iko juu ya mlingoti, kila mtu anaiona.

Tena bendera haielezi mambo mengi tunayodhani inayaeleza. Machi 13, 1999, Madison Square Garden, New York, Lennox Lewis wa Uingereza alikutana na Evander Holyfield wa Marekani ili apatikane bingwa mmoja wa uzito wa juu. Kwa hesabu ya makonde iliyopigwa usiku ule, Lewis alifikisha makonde 348 na Holyfield 130. Matokeo yakatangazwa kuwa sare. Jaji Mmarekani, Eugenia Williams, alimpa Holyfield 115-113, na hata raundi ya 5, ambayo Lewis alimtwanga mwenzake vibaya, aliiandika kwa Holyfield. Magazeti ya London yaliwaka moto, yakalia wizi, na yalikuwa na haki ya kulia. Ila jaji aliyeandika 115-115, na hivyo kuifanya sare iwezekane, alikuwa Larry O'Connell, Mwingereza. Aliyempa Lewis ushindi ni Stanley Christodoulou wa Afrika Kusini.

Ukiyasoma malalamiko ya wakati ule, Mmarekani yuko mbele na Mwingereza yuko nyuma. Hapo kuna upendeleo wa kuchagua nani wa kulaumiwa kwanza, na huo unastahili kutajwa. Lakini O'Connell mwenyewe anatufundisha jambo: mtu anaweza kukaa pale bila kumpendelea wa kwao na bado akakosea vibaya. Kutopendelea peke yake hakutoshi kumfanya mtu aone.

Sasa nije kwenye upendeleo unaonitia hofu, ule usio na sauti.

Tangu mwaka 2012, kwa karibu muongo mzima, runinga ya Sky Sports ilifunga ndoa na promota mmoja, Matchroom, kampuni inayoongozwa na Eddie Hearn. Promota mpinzani, Frank Warren, alikuwa na chaneli yake mwenyewe, BoxNation, iliyozaliwa mwaka 2011, kisha akahamia BT Sport. Mwaka 2021 Matchroom ikahamia DAZN, na mwaka 2025 kampuni ya Warren, Queensberry, ikaifuata hukohuko. Maana yake ni rahisi kueleza. Anayeandaa pambano na anayelionyesha ni washirika katika biashara moja. Anayelitangaza ni mwajiriwa wa mshirika. Na mchambuzi aliyekaa mezani, mara nyingi bondia mstaafu au bondia anayepigana bado, anajua vizuri kwamba mkataba wake ujao unaweza kutoka mkononi mwa watu walewale anaotakiwa kuwachambua.

Pambano la Anthony Joshua na Wladimir Klitschko, Aprili 29, 2017, liliuzwa kwa watazamaji wa nyumbani kwa pauni 19.95, juu ya ada yao ya kila mwezi, huku watu 90,000 wakiwa wamejaa uwanjani Wembley. Lile lilikuwa pambano kubwa kweli, halikuhitaji kupambwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini fikiria pambano la kawaida, la bondia aliyechoka na mpinzani aliyetafutwa ili apigwe, nalo linauzwa kwa bei ya namna hiyohiyo. Nani katika runinga ile atasema Ijumaa usiku kwamba pambano la Jumamosi halina thamani ya fedha hizo? Hakuna aliyemkataza kusema. Hakuna barua wala simu. Kila mmoja anajua, na ananyamaza kwa hiari yake.

Mwandishi wa gazeti alipaswa kuwa tiba ya hayo, kwa sababu yeye analipwa na msomaji. Lakini magazeti yamepunguza waandishi wa ndondi, safari ni ghali, na nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na wenye kamera za YouTube. Wengi wao ni vijana wachapakazi wanaoupenda mchezo kwa dhati. Chakula chao ni mahojiano, na mahojiano yako mikononi mwa promota. Ukimuuliza swali lililomchoma leo, kesho anasimama kwa mwenzako wa pembeni na wewe anakupita. Hawa vijana hawajanunuliwa. Wamewekwa mahali ambapo swali gumu lina gharama na swali jepesi lina malipo.

Angalia wiki ya kwanza ya Oktoba 2022. Conor Benn na Chris Eubank Jr, wana wa mahasimu wawili waliopigana mwaka 1990 na tena mwaka 1993, walikuwa wapambane Jumamosi, Oktoba 8, ukumbi wa O2, London. Tiketi zimeuzwa, mabango yamebandikwa, kamera zinafuata kila hatua. Jumatano gazeti la Daily Mail likatoa habari kwamba kipimo cha Benn kilichofanywa na VADA, wakala wa hiari wa kupima dawa za kuongeza nguvu, kilionyesha clomifene, dawa iliyopigwa marufuku michezoni. Waandaaji walikuwa wanajua tayari. Bodi ya ndondi ya Uingereza ikakataza pambano, waandaaji wakahangaika kutafuta njia ya kuliendeleza, na Alhamisi likafutwa. Kwa haki ya Benn niseme kwamba alikana siku zote kutumia dawa hiyo kwa makusudi, na baada ya mivutano ya miaka 2 jopo la taifa la kusikiliza kesi za dawa halikumkuta na hatia. Nisichoweza kukipita ni mahali habari ilipotoka. Kamera nyingi zilikuwa ndani ya wiki ile, mita chache kutoka kwa watu waliojua, zikirekodi tambo. Habari ikatoka kwa mwandishi wa gazeti, ambaye hakuwa na pambano la kuuza.

Kuna mfano mzito zaidi. Juni 2020 bingwa Tyson Fury alitoa video akitangaza kwamba makubaliano ya kupigana na Anthony Joshua yamefikiwa, akamshukuru kwa jina Daniel Kinahan kwa kuyafanikisha. Katika kurasa nyingi za michezo Uingereza habari iliyotangulia ilikuwa pambano lenyewe: lini, wapi, kwa fedha gani. Ng'ambo ya bahari nyembamba, Ireland, habari ilikuwa ni hilo jina. Waandishi wa Ireland walikuwa wameliandika kwa miaka katika kurasa za uhalifu, hasa baada ya mauaji ya Februari 2016 katika hoteli ya Regency, Dublin, wakati wa shughuli ya kupima uzito wa mabondia. Waziri Mkuu wao, Leo Varadkar, alisema bungeni siku iliyofuata kwamba video ile ilimshtua. Kampuni ya kusimamia mabondia ambayo Kinahan alishiriki kuianzisha, iliyokuja kuitwa MTK Global, ilikuwa imevisusia vyombo vya habari vya Ireland baada ya mauaji yale.

Je, wa London hawakujua? Walijua kusoma, na Dublin ni mwendo wa saa moja kwa ndege. Lakini MTK ilikuwa na orodha ndefu ya mabondia, na kila bondia ni mahojiano, na kila mahojiano ni mlo. Februari 2021 kipindi cha Panorama cha BBC kilichunguza nguvu za Kinahan katika ndondi. Kinahan alikana kuhusika na uhalifu, na baada ya kipindi kurushwa BBC ilisema watu wake walitishiwa. Aprili 2022 wizara ya fedha ya Marekani ikamwekea vikwazo pamoja na baba yake na ndugu yake, na dau la hadi dola milioni 5 likatangazwa kwa habari za kuwafikia. Kabla mwezi haujaisha MTK ilikuwa imetangaza kufunga shughuli zake. Siku zile kila ukurasa wa michezo ulikuwa na makala ndefu kuhusu jina lile. Nilizisoma nyingi, na nyingi zilikuwa nzuri. Zilikuwa zimechelewa miaka.

Wanaotetea hali hii husema uandishi wa ndondi umekuwa hivi tangu zamani. Ni kweli, na ukongwe wa kosa hauligeuzi kuwa desturi njema. Desemba 1810, karibu na East Grinstead, Tom Molineaux, mtu mweusi kutoka Marekani aliyepata kuwa mtumwa, alipigana mikono mitupu na Tom Cribb, bingwa wa Uingereza. Umati ulivamia ulingo pambano likiendelea. Baadaye Cribb alizidiwa hadi akashindwa kurudi katikati kwa muda uliowekwa, na watu wa upande wake wakazua madai kwamba Molineaux ameficha risasi za bunduki mikononi. Mabishano yakampa Cribb nafasi ya kuvuta pumzi, naye akashinda. Siku chache baadaye barua ya Molineaux ilitoka magazetini akiomba marudiano. Kwa adabu iliyonigusa niliposoma, alieleza tumaini lake kwamba rangi yake haitamdhuru mbele ya watu wa Uingereza. Pierce Egan, baba wa uandishi wa ndondi, alizihifadhi habari hizi katika kitabu chake Boxiana, na lugha yake ina sifa na dharau ndani ya sentensi zilezile. Marudiano ya Septemba 1811, Thistleton Gap, Molineaux alivunjwa taya na kushindwa. Alifariki Galway mwaka 1818.

Tumaini la Molineaux lilisubiri sana. Hadi mwaka 1948 kanuni ya bodi ilitaka mgombea wa ubingwa wa Uingereza awe amezaliwa na wazazi weupe. Len Johnson wa Manchester, mmoja wa mabondia bora wa kizazi chake, aliishi na kustaafu bila kuruhusiwa kugombea taji hilo. Miaka yote hiyo wasomaji waliletewa orodha za "mabingwa wa Uingereza" zikiwa na usahihi wa tarehe, uzito na raundi. Kila tarakimu ilikuwa kweli, na orodha nzima ilikuwa uongo. Dick Turpin alipomshinda Vince Hawkins mwezi Juni 1948, uwanjani Villa Park, ndipo orodha ilipoanza kuaminika.

Mabaki ya tabia hiyo yapo bado katika namna mgeni anavyoandikwa. Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham kukutana na Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya. Mgeni wa namna hiyo huingizwa kwenye ratiba ili mwenyeji aonekane. Mwakinyo alimmaliza Eggington raundi ya 2. Soma taarifa za mapambano kama hayo, utaona mara nyingi sentensi zinamzunguka aliyeanguka: amepatwa na nini, kocha abadilishwe, atarudi vipi. Aliyeangusha anabaki kuwa mtu wa "kutoka Tanzania" na rekodi ya tarakimu tatu. Alifundishwa na nani, ana mtindo gani, lile konde lilianzia wapi, hakuna aliyeuliza. Kinyume chake nacho kipo kwetu. Mwakinyo aliposhindwa na Liam Smith mjini Liverpool, Septemba 2022, katika raundi ya 4, akalalamikia viatu, wapo wa nyumbani waliomtetea bila kuangalia picha hata mara moja. Nchi zote mbili zina kazi ya kufanya.

Mtu aliyenionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana ni Hugh McIlvanney, Mskoti wa Kilmarnock, aliyeandikia The Observer kwa miaka 30. Septemba 1980 alikuwa Los Angeles wakati Johnny Owen, kijana mwembamba wa Merthyr Tydfil, Wales, alipoangushwa na bingwa Lupe Pintor wa Mexico, asizinduke tena. Owen alifariki Novemba 4. McIlvanney alimpenda kijana yule na huzuni iko katika kila mstari, lakini swali aliloliuliza lilikuwa juu ya mchezo wenyewe aliokuwa ameutumikia maisha yake yote. Mwaka 2002 sanamu ya Owen ilipozinduliwa Merthyr, aliyeifunua ni Pintor, kwa ombi la baba yake Owen. Mapenzi hayakumzuia McIlvanney kuwa mwadilifu, kwa sababu hakuwa na deni kwa mtu yeyote katika jengo lile.

Na waandishi wa Uingereza wa leo wanaweza. Februari 26, 2022, Glasgow, Josh Taylor, mwenye mikanda yote ya ratili 140, alipewa ushindi dhidi ya Jack Catterall mbele ya Waskoti wenzake. Catterall alikuwa amemwangusha raundi ya 8. Jaji Howard Foster alimpa Catterall 113-112, Victor Loughlin akampa Taylor 113-112, na Ian John-Lewis akampa Taylor 114-111. Runinga iliyomwonyesha Taylor ilisema wazi kwamba Catterall ndiye aliyeshinda, na magazeti yakasema hivyohivyo. Kweli, Lindsay Hoyle, Spika wa Bunge, alipaza sauti akiwa mbunge wa Chorley, mji wa Catterall, na hakuficha kwamba anamsemea mtu wake. Lakini kelele zilisimama juu ya raundi zilizohesabiwa moja baada ya moja. Bodi ikafanya uchunguzi, ikamshusha John-Lewis daraja. Mei 2024, Leeds, wawili hao walirudiana na majaji wote watatu wakampa Catterall. Katika vitabu, hata hivyo, la kwanza ni la Taylor.

Wakati huohuo fedha zimezidi kukua. Novemba 2024 Turki Alalshikh, mkuu wa mamlaka ya burudani ya Saudi Arabia na mlipaji wa mapambano makubwa ya Waingereza huko Riyadh, alitangaza kwamba amelinunua jarida la The Ring, lililoanzishwa mwaka 1922 na linalotoa mkanda wake na orodha ya viwango. Kabla yake lilikuwa la kampuni ya promota pia, Golden Boy ya Oscar De La Hoya, tangu 2007. Sasa mtu mmoja anaweza kulipia pambano, kulitangaza, kumpanga mshindi kwenye viwango na kumvisha mkanda. Sidai kwamba viwango hivyo vimepindishwa. Nadai kwamba mwandishi yeyote anayevitumia anapaswa kumwambia msomaji ni vya nani.

Kwako msomaji: likija pambano jingine la kubishaniwa, zima sauti ya runinga, chukua karatasi, andika raundi zako moja moja kabla hujasikia kadi ya mtu mwingine. Na kwako mwandishi kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, unayetumiwa tiketi ya ndege na promota, nenda kama huna njia nyingine, fanya kazi yako, kisha andika katika aya ya kwanza ni nani aliyekulipia kiti.